Mita tisa: kisa cha intaneti iliyokwama Isevya

Mteja ni mwalimu wa sekondari, mjane, anaishi Isevya hapa Tabora mjini. Nyumba yake mbele ni ya zamani, kuta nene za kizamani, na nyuma yake marehemu aliongeza vyumba viwili vya matofali ya kuchoma. Anasoma shahada ya uzamili akiwa nyumbani, vipindi vyake ni vya video, saa mbili usiku. Alinipigia Jumamosi asubuhi. Baada ya salamu ya mwangaluka na habari za watoto akasema, "Mwanangu, nimeongeza kifurushi mara mbili na bado mhadhiri anageuka sanamu." Nilielewa mara moja. Picha inaganda mdomo ukiwa wazi, sauti inakuja baadaye kama mwangwi.

Alianza na intaneti ya faiba ya Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde, ndiyo kasi yake). Ikasumbua, akapanda hadi 20. Ikaendelea kusumbua. Kampuni iliyomfungia ikamshauri apande tena. Kabla hajalipa mara ya tatu, binti anayeishi naye akamwambia jambo lililomfanya anitafute: "Mbona mimi kwenye simu nikikaa sebuleni inakimbia?"

Binti huyo alikuwa ameshafanya nusu ya kazi yangu. Kama simu inakimbia sebuleni na kompyuta inatambaa chumbani, basi mbio zipo ndani ya nyumba, zinapotea njiani.

Nilipofika sikugusa mpangilio wowote. Nimejifunza kwa gharama za watu wengine kwamba fundi akianza kubofya kabla ya kupima, baadaye hajui kilichoponya wala kilichoua. Intaneti ya nyumbani ni safari ya vipande: kuna kipande cha kutoka duniani hadi kwenye kisanduku cha faiba (ruta) ndani ya nyumba, hicho ni cha kampuni; kuna kipande cha hewani kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye kompyuta, hicho ni cha mwenye nyumba; halafu kuna mambo ya ndani ya kompyuta yenyewe. Kila kimoja kinapimwa peke yake.

Kipande cha kwanza nilikipima kwa kuchomeka laptopu yangu kwa waya moja kwa moja kwenye kisanduku. Ikasoma Mbps 19.4 kushuka. Kampuni ilikuwa inaleta ilichouza. Niseme hapa kwamba si kila mara jibu huwa hilo. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, nchi nzima ilihangaika, na siku ile hata ungeweka antena juu ya mwembe usingepata kitu. Lakini siku kama ile laptopu ya waya nayo ingekwama. Ndiyo maana unaanza na waya.

Kisha nikaenda chumbani. Ni hatua chache tu, nilipima kwa futi ya fundi seremala, mita tisa. Kompyuta ni ya mezani, mtumba, ilinunuliwa Dar es Salaam ikaja na treni. Haina waifai ya kuzaliwa nayo, kwa hiyo alinunua kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye USB, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kipimo cha kasi kikasoma Mbps 1.8.

Hapo nikafungua kile kidirisha cheusi cha amri kwenye Windows nikaandika:

ping 192.168.1.1 -n 50

Namba ile ni anwani ya kisanduku chake mwenyewe (visanduku vingine hutumia 192.168.0.1 au 192.168.8.1, imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake). Amri hii inatuma salamu hamsini kwa kisanduku na kuhesabu kila jibu limechukua muda gani. Salamu hazitoki nje ya nyumba. Kwenye nyumba isiyo na tatizo jibu hurudi ndani ya milisekunde 2 au 3. Kwake, salamu saba kati ya hamsini hazikujibiwa kabisa, na zilizojibiwa zilikuwa zinaruka, 3, kisha 90, kisha 380. Ugonjwa ulikuwa ndani ya zile mita tisa. Kifurushi hata cha Mbps 100 kingekufa palepale kwenye korido.

Amri ya pili ilikuwa netsh wlan show interfaces. Ikaonyesha nguvu ya mawimbi asilimia 41, chaneli (njia ya hewani ambayo mtandao unapitia) ya 6, na kasi ya maungio Mbps 13. Asilimia hizo za Windows zina hesabu yake: gawanya kwa mbili, toa mia, unapata kipimo halisi cha mafundi, hapa karibu desibeli -80 (kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu). Sebuleni simu yangu ilikuwa inasoma -45. Tofauti ya desibeli 35 masikioni ni ndogo, lakini desibeli haziendi kwa kujumlisha. Ni kwamba nguvu iliyofika chumbani ilikuwa imepungua zaidi ya mara elfu tatu.

Imeenda wapi? Fuata mstari ulionyooka. Kisanduku kilikuwa kimefichwa ndani ya kabati la vioo la sebuleni, nyuma ya televisheni, kwa sababu mwenye nyumba aliona taa zake zinachusha. Televisheni ni bamba kubwa, nyuma yake kuna chuma. Ukatoka hapo unapiga ukuta mnene. Ukiuvuka ukuta unakuta korido, na koridoni kuna friza anamogandishia barafu za kuuza, yaani sanduku kubwa la chuma. Chuma hurudisha mawimbi yalikotoka. Halafu ukuta wa matofali ya kuchoma. Halafu, mwisho kabisa, kidude chenyewe kikiwa kimechomekwa mgongoni mwa kompyuta, kimebanwa kati ya boksi la chuma na ukuta, kama mtu anayesikiliza redio kichwa kikiwa ndani ya sufuria.

Nikafanya mambo mawili. Nilikitoa kisanduku kabatini nikakipandisha juu ya usawa wa mlango, mahali kinapoichungulia korido. Tahadhari kwa atakayejaribu: uzi wa faiba ndani yake ni kioo. Waya huu haukunjwi kama wa taa, na ukiukunja kona kali mwanga unavuja, ukizidi unakatika, na hapo utamwita fundi wa kampuni. Wake ulikuwa na ziada ya kutosha iliyoviringwa nyuma ya kabati. Jambo la pili lilikuwa chaneli.

Waifai ya gigahezi 2.4, masafa ambayo kidude chake kinatumia, ina chaneli 1 hadi 13, na watu hudhani ni vyumba kumi na vitatu. Hapana. Chaneli zimepangwa kila megahezi 5, lakini kila mtandao unahitaji upana wa megahezi 20 hivi. Kwa hiyo zinapandana kama vigae vya paa, na zisizogusana kabisa ni tatu tu: 1, 6 na 11. Jirani yake ni nyumba ya wageni yenye ruta mbili, zote chaneli ya 6. Nyumba ya pili yake, 6. Yeye, 6. Visanduku vingi tu vilikuwa vimeachwa kama vilivyotoka kiwandani. Mmoja alikuwa chaneli ya 8, ambaye ni mbaya kuliko wa 6, kwa sababu wa chaneli moja angalau husikilizana na kupokezana zamu. Wa katikati hasikii maneno ya mwenzake, anasikia kelele tu, anazungumza juu yake. Nilimweka mteja wangu kwenye 11, iliyokuwa na mtu mmoja wa mbali. Na upana nikauacha megahezi 20. Visanduku vingi hukushawishi uweke 40 kwa ahadi ya kasi maradufu, lakini mtaani kwenye msongamano ni sawa na kuendesha roli katikati ya barabara.

Kipimo kikapanda kutoka 1.8 hadi 9. Mama akafurahi. Nikachukua hela yangu nikaondoka.

Jumatatu usiku simu. "Mwanangu, imerudi ile ile."

Naomba nikiri nilichomjibu, maana ni jibu ambalo mafundi tunalitoa kila siku: nilimwambia leo mtandao wa kampuni uko chini. Sikuwa nimepima. Nilikuwa nakula. Akasema, kwa upole wa mwalimu aliyezoea kusikia visingizio, "Sawa, ila binti yuko sebuleni anaangalia video na haikatiki."

Jumanne nikaenda saa moja na nusu usiku, wakati ule ule wa tatizo, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Ugonjwa wa usiku haupimwi asubuhi. Nikaacha amri ya ping ikikimbia bila kikomo (weka -t badala ya -n 50) kwenye kona ya skrini, nikamwambia aendelee na shughuli zake kama vile sipo. Majibu yanakuja 3, 4, 3, 3. Akafungua darasa. 4, 6, 5. Vizuri tu. Kisha akatoa kwenye mkoba hadidiski ya nje, akaichomeka nyuma ya kompyuta, kwa sababu hurekodi vipindi vyote avirudie Jumapili. 210. 340. Hakuna jibu. Hakuna jibu. 295.

Nikamwambia aichomoe. 4, 3, 3. Aichomeke. 260, hakuna jibu. Mara ya tatu hata yeye akaanza kucheka, akasema ni kama tunamtekenya mtu.

Hiki ndicho kiini cha kisa hiki, na sikukijua kwa uzoefu, nilikuwa nimekisoma tu na kukisahau. Mwaka 2012 Intel, kampuni ya vichakato vya kompyuta, walitoa waraka wakieleza kwamba USB 3.0, ile yenye matundu ya bluu, ikifanya kazi humwaga kelele ya redio ambayo inaangukia palepale kwenye gigahezi 2.4. Data inapita kwenye waya ule kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde, na kila mpapatiko wa umeme wa namna ile ni kituo kidogo cha redio ambacho hakikuombwa. Kebo ya hadidiski nayo, kama ni ya bei rahisi na haikuvikwa vizuri, inakuwa antena yake. Kelele hizo ni ndogo sana, mtu wa chumba cha pili hazimfikii. Lakini kidude cha waifai kilikuwa tundu la jirani, umbali wa sentimita mbili, kinajaribu kusikia mnong'ono wa mbali huku mtu anapiga debe sikioni.

Jumamosi asubuhi hadidiski ilikuwa mkobani. Ndiyo maana nilipata 9 nikajiona bingwa.

Tiba yake ilikuwa kamba ya USB ya kurefushia, mita moja na nusu, shilingi 5,000. Nilikitoa kidude mgongoni mwa boksi nikakipandisha kwenye fremu ya dirisha, upande unaotazama mlango wa korido. Hadidiski nikaihamishia tundu jeusi la mbele, ambalo ni USB 2.0. Kunakili faili kubwa sasa kunachukua muda mrefu zaidi, lakini kurekodi darasa hakuhitaji kasi ile, na tundu jeusi halipigi kelele namna hiyo. Mawimbi, yaliyokuwa asilimia 41 siku ya kwanza, yakafika 66, yaani -67, na -67 ndiyo mahali ambapo video hutulia. Kwa kuhamisha kisanduku na kamba ya shilingi elfu tano.

Lakini bado palikuwa na jambo. Kipimo kilikuwa kinakaa 11 au 12, halafu kinadondoka 5, kinapanda tena. Nikaingia kwenye ukurasa wa kisanduku nikaangalia orodha ya vilivyounganishwa. Vifaa kumi na vitatu. Nyumba ina vinne: simu mbili, televisheni na kompyuta.

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akaeleza kwamba kijana wa jirani, mwanafunzi wake, aliomba pasiwedi apakue mitihani iliyopita. Kijana akampa rafiki. Rafiki ana ndugu. Na chini ya mwembe uliopo kwenye mpaka wa viwanja viwili pameibuka kijiwe cha jioni ambacho mama alidhani ni cha kivuli.

Watu hudhani hasara ya wageni kama hawa ni kwamba wanakula bando. Faiba yake haina kikomo cha ujazo, kwa hiyo kwa hesabu hiyo hana hasara. Hasara ni ya muda wa hewani. Kwenye waifai ya aina hii anasema mmoja kwa wakati mmoja, wengine wanangoja. Simu iliyo karibu husema maneno yake haraka haraka ikamaliza. Simu iliyo chini ya mwembe, nyuma ya kuta mbili, inalazimika kusema polepole ili isikike, silabi moja moja. Faili ileile ambayo simu ya sebuleni inaipokea kwa kufumba na kufumbua, ile ya mwembeni inaishikilia hewa mara kumi au ishirini zaidi. Watoto wanne wa mwembeni wanaweza kuikausha nyumba nzima huku kila mmoja wao akilalamika kwamba intaneti ya mwalimu iko taratibu.

Nilitaka kubadili pasiwedi na kumaliza. Alikataa. "Nitawaambia nini wazazi wao? Mimi ndiye niliyempa." Hili si swali la kompyuta, na nililiheshimu. Tukafungua mtandao wa pili wa wageni kwenye kisanduku kilekile, wenye jina lake na pasiwedi yake, ukabanwa usizidi Mbps 2, na unajizima saa mbili kasoro robo usiku hadi saa nne. Ule wa nyumbani ukapewa pasiwedi mpya. Kijana aliambiwa mwalimu ana kipindi. Alielewa, kijiwe kikahamia mchana.

Mambo mengine niliyafanya haraka. Kwenye kompyuta OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ilikuwa inapandisha picha za harusi, gigabaiti nyingi, tangu sijui lini. Njia ya kupanda ikijaa, hata ya kushuka hukwama, kwa sababu data inayoshuka inasubiri stakabadhi zake zipande. Nikaisimamisha. Nikazima pia ile tabia ya Windows ya kugawia kompyuta nyingine masasisho iliyoyapakua, na kwenye mpangilio wa umeme nikaweka kipokezi cha waifai kisiwe na ruhusa ya kusinzia.

Binti aliuliza kwa nini tusinunue kidude kipya cha gigahezi 5, yale masafa mengine ya waifai, mbona simu yake inatumia hiyo. Swali zuri. Nilikuwa na changu mfukoni, tukajaribu. Mlango wa chumba ukiwa wazi, Mbps 18, safi, hakuna jirani hata mmoja huko juu. Tukaufunga mlango: 7, halafu 4. Milango ya nyumba ile ni mninga mtupu, wa zamani, mzito kiasi kwamba unaufunga kwa bega, na mawimbi ya gigahezi 5 hayana ubavu wa kupenya vitu kama ya 2.4. Na mama hasomi mlango ukiwa wazi, kwa sababu koridoni kuna wateja wa barafu. Tukaachana nacho.

Ukiniuliza mimi, dawa halisi ya kompyuta ya mezani ni waya. Kitu kisichohama hakina sababu ya kuning'inia hewani. Mita kumi na tano za kebo ya mtandao zingetosha kuzunguka darini, kebo hizo hufika hadi mita mia bila shida, na mambo ya chaneli, friza na mwembe yangebaki hadithi. Nilimwambia hivyo. Akauangalia ukuta wa sebule, akasema ukuta huo aliuweka plasta marehemu kwa mkono wake, hakuna atakayeutoboa akiwa hai. Na darini kuna panya.

Palikuwa pia na jambo la namba, ambalo nadhani ndilo lililomuuzia kile kifurushi cha pili. Alidhani Mbps 20 maana yake faili la megabaiti 20 linashuka kwa sekunde moja. Ile b ndogo ni biti, na baiti moja ni biti nane, kwa hiyo Mbps 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, mambo yote yakienda sawa. Vivyo hivyo boksi la kile kidude limeandikwa Mbps 150 kwa maandishi makubwa. Hiyo ni hesabu ya makaratasi, kwa upana wa megahezi 40. Kwa 20 mwisho wake ni 72, na mkononi unabaki na nusu au pungufu. Darasa la video lenyewe halihitaji hata Mbps 4. Tangu siku ya kwanza alikuwa na nyingi kuliko alizohitaji, zikiwa zimekaa kabatini nyuma ya televisheni.

Jumatano nilipima tena saa mbili na dakika kumi usiku, mlango umefungwa, hadidiski inarekodi, nyumba ya wageni imejaa. Mbps 16.8. Salamu hamsini, majibu hamsini, kati ya milisekunde 2 na 9.

Mwezi uliofuata alirudi kwenye kifurushi cha Mbps 10. Aliniachia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, haikatiki hata kidogo. Ila sasa namsikia mhadhiri neno kwa neno, na nimegundua anasoma tu slaidi."